Jumanne, Saa Nne na Dakika Kumi

Kila siku ya masomo, saa moja na nusu asubuhi, fundi wa kompyuta wa shule ya bweni alifungua kufuli mbili za chumba cha mashine, akatundika koti nyuma ya mlango, akapangusa kiti kwa kiganja na kuwasha kompyuta. Wanafunzi walimwita Kebo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila waya shingoni. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye faili la ofisi tu.

Mashine ilipoamka, Kebo aliingia kwa cheo cha mtumiaji mkuu, ambacho ndicho cheo pekee alichowahi kupanda tangu aajiriwe, akaandika hwclock --show. Kompyuta ikamjibu kwamba ilikuwa tarehe mosi Januari mwaka 2000, saa sita na dakika tatu usiku. Nje jua lilikuwa limeshafika dirisha la bweni la wasichana. Kebo hakubishana. Alitazama saa yake ya mkononi, akaandika hwclock --set na tarehe ya kweli, akamalizia na hwclock --hctosys, amri ya kuifanya mashine nzima ifuate saa hiyo, na mashine ikakubali kuwa ni leo.

Kompyuta ina saa mbili, kama mtu mzima mwenye kauli mbili. Moja imo akilini mwake na hutembea ikiwa macho tu. Nyingine imepachikwa kwenye ubao wa ndani na hutembea hata mashine ikilala, mradi betri moja ndogo, mfano wa kifungo cha koti, iwe na uhai. Betri ya mashine hii ilikufa miaka miwili nyuma. Tangu hapo, kila umeme ulipokatika na kurudi, mashine ilijiwasha yenyewe bila kukumbuka lolote na kuianza karne upya. Umeme ulikatika mara mbili kwa siku. Wakati wa mitihani, mara tatu.

Kebo aliomba betri kwa barua kumi na moja. Barua ya kwanza aliichapa kabla ya kurekebisha saa, ili mtunza stoo ajionee tatizo kwa macho yake. Mtunza stoo aliiweka kwenye faili la mwaka 2000, ambao mahitaji yake yalikwisha kufungwa. Zile kumi zilizofuata, zenye tarehe sahihi, zilirudishwa na maelezo kwamba mashine inayoandika tarehe sahihi haihitaji betri.

Mambo haya yasingemdhuru mtu kama si Waraka Namba 47. Mkuu wa shule aliandika waraka kwa kila jambo, hata waraka wa kukumbushia waraka, na wanafunzi hawakuona sababu ya kumwita jina lingine zaidi ya Waraka. Zamani vyeti vya ugonjwa viliandikwa kwa mkono. Kisha asubuhi moja kidato cha tatu kizima kilifika zahanati kikiumwa jino lile lile, kila mmoja na cheti kilichosainiwa na mkuu aliyekuwa ameshastaafu. Ndipo likaja agizo: mgonjwa asihudumiwe bila cheti kilichochapwa na mashine, chenye tarehe ya siku hiyo, na muda kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mwanafunzi aliingia chumba cha mashine, akabonyeza namba yake, cheti kikatoka. Kompyuta, kama ilivyo desturi yake, ilianza kuhesabu saa usiku wa manane wakati waja wamelala, kwa hiyo kila aliyekisoma cheti alitoa sita kichwani. Hilo halikumshinda mtu.

Jumanne tarehe 14 Mei umeme ulikatika saa nne kamili asubuhi ukarudi dakika mbili baadaye. Kebo hakuwepo kuirekebisha saa. Alikuwa stoo na barua ya kumi na mbili.

Saa nne na dakika kumi msichana mmoja wa kidato cha pili aliingia chumba cha mashine akiwa ameinama, mkono ubavuni kulia. Waliomjua walimwita Chiriku, maana hata akiwa anafua alizungumza na ndoo. Alibonyeza namba yake, akachukua cheti, akavuka uwanja hadi dirisha la zahanati. Muuguzi, ambaye shule nzima ilimwita Sista, alikisoma mara mbili.

"Mwanangu, hiki ni cha mwaka elfu mbili."

"Ndivyo ilivyoandika, Sista."

"Mwaka huo wewe ulikuwa hujazaliwa. Sasa mtu ambaye hajazaliwa anaumwaje tumbo?"

"Nihesabu kama mgonjwa wa mapema," alisema Chiriku.

Sista alicheka kidogo, lakini alimrudishia cheti. Hakuwa mtu mbaya. Muhula uliopita alimpa mtoto dawa ya homa bila cheti, na barua ya onyo aliyoandikiwa alikuwa akiilaza ndani ya kitabu cha wagonjwa, ukurasa wa leo, ili aione kila akifungua. Chiriku alirudi kuchukua cheti kingine. Hicho nacho kilikuwa cha Januari mosi. Cha tatu kilikuwa cha Januari mosi pia, saa sita na dakika arobaini na moja usiku, na alikileta akitembea kwa kushika ukuta. Sista alimwambia akae kwenye benchi amsubiri Kebo.

Kebo hakuja. Saa nne na dakika ishirini dereva wa shule alimchukua kutoka stoo na kumpeleka nyumbani kwa Mkuu, kilomita kumi na nane, kutazama runinga isiyoonyesha picha. Waya wa nyuma ulikuwa haujachomekwa. Kebo aliuchomeka. Mkuu akasema wangoje kwanza kipindi kiishe, isije ikazima tena.

Saa sita na robo mchana Chiriku alikufa kwenye benchi. Daktari wa hospitali kubwa aliandika baadaye kwamba kidole tumbo kilipasuka. Sista aliandika katika kitabu chake, kwa mujibu wa kanuni, kwamba siku hiyo hakuna mgonjwa aliyefika na cheti halali. Alhamisi Chiriku akazikwa.

Jumatatu iliyofuata Kebo aliwasha mashine, na kabla hajagusa saa mlango ukagongwa. Alikuwa Chiriku, mkono ubavuni. Hakuwa na sweta, kwa sababu sweta lake lilipelekwa nyumbani pamoja na sanduku.

"Fundi, Sista anasema hiki si halali. Nirekebishie tarehe basi."

Kebo alitazama kioo cha kompyuta. Kilisema ni Januari mosi, mwaka 2000. Mwaka huo Chiriku hakuwa amekufa bado, hilo halikuwa na ubishi, na Kebo alikuwa mtu wa kuheshimu alichokisoma. Akaandika tarehe ya leo, akabonyeza. Cheti sahihi kikatoka kwenye mashine na kuanguka sakafuni, kwa kuwa aliyekihitaji hakuwepo tena.

Wiki ile umeme ulikatika kama kawaida, na kila ulipokatika Chiriku alirudi. Hakuna aliyefanya kelele. Mwalimu wa nidhamu alimwandika kwa kutokuvaa sweta. Msichana aliyekuwa akikaa naye dawati moja alilalamika kwamba ameshamgawia mtu nafasi. Chiriku alikwenda dirishani na cheti cha Januari, Sista akakikataa, akarudi, na Kebo aliporekebisha saa Chiriku alikatika katikati ya sentensi, na sentensi zake hazikuwa fupi. Mashine ikikosea, alikuwepo na cheti hakikufaa. Mashine ikipata, cheti kilifaa na yeye hakuwepo.

Ijumaa alikuja baba yake kuchukua godoro. Alikuwa seremala, mtu mfupi mwenye penseli sikioni, na alimkuta binti yake amekaa kwenye ngazi ya chumba cha mashine. Alikaa karibu naye.

"Bado tumbo?"

"Bado, baba. Wamenizungusha kama mlango wa benki."

Seremala alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo lilichukua muda. Kisha akaingia ndani.

"Fundi mwenzangu, hiyo mashine inakubali tarehe yoyote?"

"Yoyote, mzee. Haina ubishi."

"Basi ipe Jumanne ile. Saa ile aliyofika. Atakuwa hajafa, na karatasi itakuwa sawa."

Kebo aliona aibu kwamba wazo hilo limekuja na mtu wa randa. Akaandika hwclock --set --date="2024-05-14 10:10:00", kisha hwclock --hctosys, kisha hwclock --show ili wote wawili wasome. Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Shule nzima ilifuata, kwa kuwa kengele, ratiba na mahudhurio vyote vilitoka kwenye mashine ile. Kidato cha pili walifanya tena jaribio la hisabati la siku ile, maswali yale yale, wakafeli vile vile. Chiriku alibonyeza namba yake, akachukua cheti, na baba yake akamshika mkono wakavuka uwanja.

Sista alikisoma cheti, akakigeuza, akakisoma tena. Kisha alifungua mlango haraka, akamlaza Chiriku kitandani na kumpapasa tumbo. Alikuwa ameisubiri karatasi ile kuliko mtu yeyote.

"Huyu anahitaji kupasuliwa," alimwambia Seremala. "Ndani ya saa mbili. Hapa sina hata kisu cha kukatia bandeji." Aliandika jina la mgonjwa kitabuni, saa nne na dakika kumi na nne, akaandika fomu ya rufaa, akaipiga muhuri. "Kimbia kamwambie Kebo alisimamishe gari."

Gari la shule lilikuwa tayari mbele ya chumba cha mashine, linanguruma. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

"Panda, Kebo," alisema dereva. "Runinga ya Mkuu haionyeshi."

"Kuna mtoto anakufa pale. Mpeleke hospitali kwanza."

"Karatasi ya safari ina jina lako. Mimi nimetumwa wewe, sijatumwa mtoto."

"Njia si ni ile ile?"

"Hospitali ni kushoto, Mkuu ni kulia. Usinifundishe njia, bwana."

Kebo alichukua simu ya dereva akampigia Mkuu. Alimweleza habari ya mtoto, ya cheti halali, ya fomu ya rufaa. Mkuu alisikiliza kwa utulivu na kusema kwamba hilo lilikuwa na utaratibu wake.

"Basi Mkuu, naomba uchomeke waya ulio nyuma ya runinga. Ni huo tu. Picha itakuja."

"Mimi si fundi," alisema Mkuu.

"Ni kusukuma tu."

"Kebo. Una barua ngapi za onyo?"

Kebo alikuwa nazo mbili. Ya tatu huja na barua ya kuondoka, na nyumbani alikuwa na watoto wanne waliozoea kula. Alimrudishia dereva simu. Kisha akapanda. Gari likatoka, likakata kulia.

Seremala aliona vumbi. Akambeba binti yake mgongoni, akaenda naye getini, na mlinzi, ambaye naye alikuwa baba wa watu, akageuza uso upande wa pili wasije wakaonana. Lakini nje ya geti mashine ya shule haikuwa na mamlaka. Nje ilikuwa Ijumaa, siku ya nane tangu mazishi, na Seremala alipovuka tu mstari wa chuma mgongo wake ukawa mwepesi. Alirudi ndani. Chiriku alikuwa kwenye benchi la zahanati.

"Ulikwenda wapi, baba?"

"Hapo tu."

"Sasa unaniachaje peke yangu na mtu kama Sista? Hajui hadithi hata moja."

Laiti wangekuwa ndani ya gari la shule wangefika. Gari lile lilikuwa na kitabu cha safari kilichopigwa muhuri na mashine, kwa hiyo tarehe ya shule ilikwenda nalo popote. Sista alilijua hilo, Kebo alilijua, na dereva alilijua pia. Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya dirisha la Mkuu, likisubiri kipindi kiishe.

Saa sita na robo Chiriku alikufa kwenye benchi, cheti halali mkononi.

Kamati ya uchunguzi ilikuja wiki iliyofuata, watu watatu na mwenyekiti. Walionyeshwa cheti chenye tarehe sahihi, kitabu chenye jina la mgonjwa, fomu ya rufaa yenye muhuri. Mwenyekiti alisifu kwamba mara chache huona shule yenye kumbukumbu safi namna hii. Wakaandika kuwa mgonjwa alipokewa kwa wakati na utaratibu wote ukafuatwa, na kwamba kifo ni kifo. Ukurasa wa zamani, uliosema hakuna mgonjwa aliyefika na cheti halali, haukuonekana tena, na hakuna aliyeutafuta.

Seremala na Kebo walikwenda ofisini kwa Mkuu. Waliomba jambo moja: saa irudishwe tena Jumanne ile, na safari hii gari limchukue mtoto.

"Gari huombwa saa arobaini na nane kabla," alisema Mkuu. "Waraka Namba 12."

"Nitairudisha saa hadi Jumapili," alisema Kebo. "Nitaomba kutoka huko."

"Jumapili mtoto alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Alikuwa mzima."

"Sasa utaombaje gari la mgonjwa kwa mtu mzima? Huo ni udanganyifu, Kebo, na umeuandaa mbele yangu." Mkuu alimgeukia Seremala, na sauti yake ikalainika, maana hakupenda kumsononesha mzazi. "Mzee wangu, shule haina roho mbaya. Kama unataka kumwona binti, nitaruhusu. Mara moja kwa wiki, kwa tarehe ile na saa ile tu. Usiguse ratiba ya gari, usitoke naye getini, na usaini kitabu cha wageni."

Seremala alifikiri. Kutoka saa nne na dakika kumi hadi saa sita na robo ni saa mbili na dakika tano. Akasaini.

Waraka Namba 48 ukatoka siku hiyo hiyo. Tangu hapo, kila Jumanne, Kebo aliandika amri zile mbili, akangoja mashine ikubali, na dakika kumi baadaye akapanda gari kwenda kuchomeka waya. Kidato cha pili walizoea kufeli hisabati kila wiki, na baadhi yao wakaanza kukariri makosa yao kwa mashairi. Sista alimpokea Chiriku, akaandika fomu ya rufaa na kuipiga muhuri, kisha akamruhusu akae nje na baba yake, kwa kuwa ndani palikuwa na harufu ya dawa bila dawa yenyewe.

Benchi la zahanati lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, halina pa kuegemea. Kila maumivu yalipozidi, Chiriku alijikunja mbele na baba yake alimzuia kwa mkono, na ifikapo saa sita mkono wa Seremala ulikuwa umekufa ganzi. Jumanne ya nne alikuja na mbao, randa, msumeno na misumari ndani ya gunia. Alimpima mgongo kwa kamba akiwa amekaa.

"Unanipima kama kabati, baba."

"Kabati halisemi. Tulia."

"Fanya nyuma palale kidogo. Pale hivi. Hapo."

Aliliranda kwa saa moja na nusu, Chiriku akimhadithia habari za mabweni yote matatu, nani kamwibia nani sabuni, na nani anamwandikia barua mtu asiyejua kusoma mwandiko wake. Lilipokamilika lilikuwa na mgongo mrefu ulioinama kidogo, na sehemu ya kuweka mkono. Chiriku aliegemea, akafumba macho, akasema kwamba sasa ndiyo benchi, kisha akaendelea kuzungumza, polepole zaidi, hadi muda wake.

Keshoye Mkuu alipita zahanati, akaliona, akakaa. Aliegemea, akajaribu sehemu ya mkono, akamwita mwandishi wake, na benchi likapewa namba ya mali ya shule. Jumanne iliyofuata alimngoja Seremala kwenye kitabu cha wageni mwenyewe, akampa mkono.

"Kazi safi, mzee. Nataka mengine sita kama lile. Wagonjwa wetu wanakaa sana pale."

Seremala aliuliza yanahitajika lini.

Mkuu akasema hakuna haraka.